Mkunga Wako Amehepa Tangi? Usimtupe Bado, Huenda Hajadedi

Sikiza, msee. Umeamka, umewasha taa, na yule mkunga uliyemnunua na doh ya maana amelala kwa tiles kama mshipi umeanguka kutoka kwa suruali. Amekauka mgongo, amejaa vumbi na nywele, hasongi. Watu wengi hapo husema "pole bana" na kumpeleka moja kwa moja kwa pipa. Ngoja kwanza. Mkunga ni kati ya samaki wagumu zaidi kufa nje ya maji, na kuna wengine wamezikwa kwa takataka wakiwa bado wanapumua. Ukijua cha kufanya kwa nusu saa ya kwanza, una chansi ya kumrudisha.

Tuelewane jina kabla hatujaenda mbali. Mkunga tunayeongelea si yule wa maternity. Watu wa Coast wanamjua poa, ni samaki mrefu kama nyoka. Huku Nairobi wasee husema tu "eel". Na tafadhali usimchanganye na kamongo. Kamongo wa Lake Victoria ana mapafu kabisa, lazima apande juu avute hewa, na akikuuma utakumbuka. Mambo yake ni tofauti.

Uko na mkunga gani?

Hii inabadilisha kila kitu, kwa sababu wengi wanaouzwa kwa maduka ya samaki wa mapambo si mikunga wa ukweli. Wale wa kawaida ni wa familia ya Mastacembelidae, wenye miba midogo mgongoni. "Fire eel" ana mistari na madoa mekundu, ametoka Asia ya Kusini-Mashariki, na anaweza kufika karibu mita 1. Yaani kale kadogo ulikabeba kwa mfuko wa plastiki ndani ya matatu kana mpango wa kuwa mrefu kuliko mtoto wa nasari. "Peacock eel" ni mdogo, hukomea kama sentimita 30, na ana alama za macho pale karibu na mkia. Hawa wana macousin huku kwetu: Lake Tanganyika iko na aina zaidi ya kumi ambazo hazipatikani pengine popote duniani. Wakiwa nje ya maji wanavumilia, lakini si wababe sana.

Kuna "ropefish", ambaye pia si mkunga. Anatoka mito ya upande wa Nigeria, Benin na Cameroon, na ana mapafu. Huyu akihepa na apate mahali pana unyevu, anaweza kukaa masaa. Ukimpata amelala chini ya kabati, matumaini yako yawe juu.

Halafu kuna mkunga mwenyewe, jenasi ya Anguilla. Huyu ni wa huku. Wako kwa Tana na kwa Athi, na mtu anaweza kumshika mtoni akamleta keja. Maisha yake ni sinema. Anazaliwa mbali ndani ya Bahari Hindi, anafika pwani akiwa mdogo na wazi kama kioo, halafu anapanda mto na kuishi kwa maji baridi miaka mingi, kisha anarudi baharini kuzaa mara moja na kufa. Hiyo Ngong River inayopita upande wa chini wa Donholm ikinuka vile inanuka inaingia Nairobi River, Nairobi River inamwaga Athi, Athi inabadilisha jina inakuwa Galana halafu Sabaki, na inafika baharini karibu na Malindi. Kwa hivyo ukiwa kwa balcony yako Phase 5 unakaa kwa kichwa cha barabara ya mikunga, hata kama maji ya hapo juu siku hizi hayawezi kulea kitu.

Nimekuambia hii yote kwa sababu moja. Kupanda kuta zenye maji ni kazi ya kuzaliwa ya huyu mnyama. Akiwa mdogo anapanda mawe ya maporomoko kwa kujibandika na tumbo, na akiwa mkubwa anaweza kukata nyasi zenye umande usiku akitafuta maji mengine. Kioo cha tangi yako kwake ni kamteremko tu.

Anapumua aje huko nje?

Kwa ngozi. Mkunga wa Anguilla akiwa hewani huvuta sehemu kubwa ya oksijeni kupitia ngozi, mradi ngozi ibaki na ute. Pia anafunga matundu ya matamvua ili yasikauke. Ile slime inayokufanya useme "eew" ndiyo inamweka hai. Ikikauka, mlango umefungwa.

Baridi inamsaidia. Mwili ukipoa, mahitaji ya oksijeni yanashuka. Kwa hivyo mkunga aliyehepa usiku wa Julai, mvua imenyesha na sakafu ni baridi, ana nafasi nzuri kuliko aliyehepa mchana wa Februari jua likipiga sebule. Sakafu pia inahesabika. Tiles na simiti hazimnyonyi maji. Kapeti ndiyo noma, inafyonza ute kama tishu. Na kama nyumba ilipigwa mop na Jik jana, au ulimwaga dawa ya mende kwa kona, ngozi yake imechukua hiyo kemikali yote alipokuwa anajivuta.

Hujamuona? Anza na tangi yenyewe

Usianze kubeba kochi. Hawa wenye miba hujizika kwa mchanga wakabaki na pua tu, na unaweza kuapa tangi iko tupu. Chunguza mchanga pole pole na kidole. Angalia ndani ya yale mapambo yenye matundu, na ufungue filta, kwa sababu mkunga mdogo anapita kwa bomba la kunyonya maji bila shida.

Kama kweli hayuko, zima taa uwashe tochi ya simu ukiwa umeishikilia chini karibu na sakafu. Ute ukikauka unang'aa kama njia ya konokono. Ufuate. Atakuwa ameenda kwa giza na unyevu: nyuma ya stendi, chini ya friji, ndani ya viatu, chini ya mlango wa bafu, karibu na shimo la maji machafu. Kama kuna paka, fungia paka kwanza. Na kama umeishi na wasee wengine, waulize kabla hujalaumu mtu. Huenda mwenzako alimwona saa nane usiku akadhani ameota.

Umempata. Sasa fanya hivi

Usimng'oe. Kama amejibandika kwa sakafu, ute umegeuka gundi, na ukimvuta unamchubua ngozi. Chota kikombe cha maji ya tangi, mmwagie pole pole, subiri alegee. Lowesha mikono yako, au lowesha kitambaa laini, halafu mwinue ukishikilia mwili wote. Usimkamate kwa mkia akaning'inia. Wale wenye miba watakudunga wakipigana, haiui, ila utapiga nduru.

Chukua beseni au ndoo safi ambayo haijawahi kuona sabuni ya kufua. Jaza maji ya tangi yake, usifungue mfereji kabisa. Maji ya mfereji Nairobi yana klorini, na ngozi iliyochubuka ikikutana na klorini ni kama kumwagia kidonda spiriti. Weka maji ya kina kifupi, yamfunike tu na sentimita chache zaidi, ili asipambane kufika juu. Tumbukiza pampu ya hewa. Kama stima imeenda, ambayo kwa mtaa wetu si habari mpya, chota maji na kikombe uyamwage kutoka juu, mara nyingi, ndani ya hiyo hiyo beseni. Mikono itauma. Endelea.

Kwa nini usimrudishe tu kwa tangi? Kwa sababu akiwa mnyonge, cichlids zako zitamdonoa kama nyama choma. Na kwa tangi kubwa yenye mchanga huwezi kuona kama anapumua.

Muelekeze kichwa mahali bubbles zinatokea, maji yapite mdomoni yatokee kwa matamvua. Usimsukume mbele na nyuma vile watu hufanya kwa video. Maji yakiingia matamvua kwa upande wa nyuma yanaumiza hizo nyuzi laini. Vumbi na nywele ziache zitoke zenyewe. Ukimsugua unatoa ute uliobaki, na ndio anauhitaji kuliko chochote.

Funika beseni. Sijui niseme mara ngapi. Mkunga aliyepata nguvu kwa dakika kumi atahepa tena, na safari ya pili ndiyo huua. Wavu, au kifuniko chenye matundu, na kitu kizito juu. Zima taa, ondoa watoto, nyamazisha TV.

Amekufa ama bado?

Hapa ndipo watu huharakisha. Mpe angalau saa nzima kwa maji yenye hewa kabla ya kusema lolote. Angalia nyuma ya kichwa: tundu la matamvua likifunguka hata mara moja kwa dakika, yuko. Angalia mdomo. Gusa ncha ya mkia na kidole. Mara nyingi mkia hujibu kabla kichwa hakijaamka. Kulala ubavu au tumbo juu si kifo, wengine hukaa hivyo masaa kadhaa halafu wanajigeuza.

Aliyekufa utamjua. Mwili umekuwa mgumu kama kijiti na haulegei majini, macho yamezama au yamekuwa meupe kabisa, hakuna matamvua yanayosonga baada ya muda wote huo, na harufu inaanza. Hapo umefanya yako.

Osha mikono vizuri ukimaliza, na usiguse macho. Damu mbichi ya mkunga wa Anguilla ina sumu, na ikiingia jichoni inawasha vibaya. Moto huiharibu, ndiyo maana watu hula mkunga aliyepikwa bila shida.

Siku saba za kumuuguza

Akiamka usisherehekee na minyoo. Tumbo liache. Siku mbili za kwanza asile kitu, hata tatu. Mkunga kukosa dishi siku chache si ishu, lakini chakula kisicholiwa kwa beseni kinaoza, kinatoa amonia, na amonia inachoma matamvua ambayo ndiyo yanapona.

Hiyo amonia ndiyo adui yako mkubwa kwa sababu beseni haina filta iliyokomaa. Badilisha robo ya maji kila siku. Maji mapya yakae kwa ndoo wazi saa 24 klorini itoke, au tumia dawa ya kuondoa klorini kutoka duka la samaki. Ndiyo, najua mtaani maji huja kwa ratiba. Siku yakija, jaza ndoo ya samaki kwanza kabla ya kufua jinzi. Maji ya mtungi waulize yametoka wapi: ya kisima hapa Nairobi mara nyingi yana floridi nyingi na ugumu tofauti na ya mfereji, na kumbadilishia ghafla ni kumuongezea shida. Joto pia lifanane. Ukigusa na ndani ya kifundo cha mkono usisikie tofauti.

Chumvi kidogo inasaidia. Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi kuliko maji anayoogelea, kwa hivyo maji hujaribu kuingia mwilini kila saa, na ute ndio husaidia kuyazuia. Ute umechubuka, maji yanaingia, figo zinafanya overtime. Gramu 1 kwa kila lita inapunguza hiyo mzigo. Kwa beseni ya lita 5 ni kijiko kimoja cha chai, tena kisijae. Kiyeyushe kando kwanza, umwage pole pole. Usiongeze ukidhani zaidi ndiyo poa.

Dawa ndizo uogope. Hawa wenye miba wana magamba madogo sana, na ngozi yao inanyonya kila kitu. Dawa zenye shaba na zile za kijani za kuua ukungu zinaweza kumaliza mkunga kwa kipimo ambacho tilapia angecheka nacho. Usimpe dawa ya kukinga ugonjwa ambao hajapata.

Kati ya siku ya pili na ya saba, mcheki kila asubuhi na jioni. Pamba nyeupe kwa ngozi ni ukungu. Mekundu yanayosambaa tumboni au kwa mapezi ni bakteria. Ngozi kuwa na wingu jeupe jembamba siku ya kwanza ni kawaida, ni ute mpya unatengenezwa, lakini ikizidi siku tatu piga simu kwa daktari wa mifugo anayejua samaki, au angalau duka linalouza dawa na linaweza kukuambia kipimo cha samaki asiye na magamba. Ngozi ikiwa safi na anajificha vizuri mchana, jaribu mnyoo mmoja jioni. Chimba kwa udongo wa maua au shamba, si kando ya mtaro. Akila, mrudishe tangi usiku taa zikiwa zimezimwa.

Alikuwa anakimbia nini?

Wengine huhepa kwa sababu tu ni wapya. Wiki ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, anatafuta njia ya kurudi alikotoka. Lakini mkunga amekaa miezi sita poa halafu usiku mmoja ametoka, huyo anakuambia kitu kuhusu maji.

Kwanza fikiria stima. Ilipotea usiku? Filta ikisimama, oksijeni inaisha, na sisi tuko kwa mita kama 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hivyo maji ya joto lile lile yanabeba oksijeni karibu moja ya tano chini ya yale ya Mombasa. Tangi iliyojaa samaki haina muda mrefu. Mkunga hushika hiyo shida mapema, anapanda kutafuta mahali pengine, na ukikuta samaki wengine wako juu wakipiga midomo, umepata jibu. Kapampu kadogo ka betri ni rahisi kuliko kununua mkunga mwingine.

Pili, amonia. Ulibadilisha filta yote mara moja, ukaiosha na maji ya mfereji, ukaua bakteria wazuri wote. Pima maji, vifaa vya kupima vinauzwa. Tatu, hana pa kujificha. Mkunga bila bomba la PVC au mchanga laini ni kama wewe kulala stage ya Caltex. Kipande cha bomba kutoka hardware kinatosha, na usitumie changarawe kali, inamkwaruza.

Baada ya hapo ndiyo unafunga tangi. Kanuni ni moja: panapopita kichwa, mwili wote utapita. Nafasi inayotuhangaisha si ile kubwa ya mbele ya kulisha, ni ile ya nyuma ambapo waya wa hita na bomba la filta vinapita. Ijaze na sponji mpya iliyokatwa, ambayo hewa inapita na mkunga hapiti. Juu weka kioo kilichokatwa na fundi wa vioo, au wavu wa mbu wa chuma kwenye fremu. Bana na klipu, kwa sababu "fire eel" mkubwa anainua kifuniko na pua. Shusha maji sentimita 8 hivi kutoka ukingoni. Halafu kila usiku, kabla ya kulala, pitisha macho hapo nyuma.

Jirani asimuue

Hii watu husahau. Kwa ploti ya flats, mkunga akipita chini ya mlango akafika corridor, mtu wa kwanza kumuona hatasema "samaki". Atasema "NYOKA!", na baada ya hapo ni fimbo na maji moto. Ambia caretaker, soja, na anayekuja kukufulia, kabla haijatokea. Waonyeshe picha kwa simu. Tofauti ni rahisi ukijua: mkunga ana pezi refu linalokimbia mgongoni na kuzunguka mkia, mwili umejaa ute, na ulimi hautoki nje. Nyoka ni mkavu, ana magamba unayoyaona, hana pezi hata moja. Lakini mtu akiona kitu kwa giza na hana uhakika, asikiguse. Achukue ndoo akifunike, akupigie.

Na kama umechoka naye

Si kila mtu ako tayari kwa samaki wa mita 1, na mikunga huishi. Kule Sweden kuna mmoja wa kijiji cha Brantevik ambaye inasemekana alitupwa kisimani mwaka 1859 na akafa 2014. Hata ukikata hiyo stori nusu, bado ni miaka mingi ya kununua minyoo.

Usimmwage Ngong River. Wa Asia hajui baridi yetu wala uchafu ule, na akipona ni mbaya zaidi, kwa sababu mnyama mgeni majini hana breki. Lake Naivasha waliingiza kamba wa Louisiana mwaka 1970, na hadi leo hawajatoka. Duka lililokuuzia mara nyingi litamchukua, hata kama ni bure. Piga simu kwanza, halafu msafirishe kwa ndoo yenye kifuniko, maji nusu, asubuhi mapema kabla jua halijawaka. Toboa matundu ya hewa juu, na uhakikishe ni madogo kuliko kichwa chake.